Shajara ya msambu: msitu wa kijiji pembeni mwa Hifadhi ya Amani

Januari, wiki ya tatu

Msambu umeanza kuangusha matunda. Usiku ukitulia unayasikia ukiwa kitandani: kishindo kimoja kizito mlimani, kisha kimya. Tunda kubwa linaweza kufika kilo saba, kwa hiyo likianguka kutoka juu ya mti mrefu vile, hutauliza mara mbili ni nini. Alfajiri watoto wanapanda wakiwa na viroba, kwa sababu panyabuku naye ameusikia mlio huohuo na hana sababu ya kungoja kuche.

Leo tumeanza rasmi kukusanya mbegu za kitalu. Niandike kwa ufupi tunafanya nini, ili atakayeishika shajara hii baadaye asianze kwa kubahatisha.

Kijiji chetu kiko kwenye miteremko ya Usambara Mashariki, wilaya ya Muheza, upande ambao vijito vyote vinaishia mto Zigi. Juu yetu kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani: hekta 8,380, iliyotangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini, na leo iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu. Chini yetu kuna mashamba. Katikati kuna kipande cha msitu ambacho si cha hifadhi wala si cha mtu. Ni cha kijiji, kwa mujibu wa sheria ya ardhi ya vijiji ya 1999 na sheria ya misitu ya 2002. Hicho ndicho tunachokishughulikia. Sehemu yake bado ni msitu mzuri kabisa, ukiingia saa sita mchana unahitaji kusimama kidogo macho yazoee giza. Sehemu nyingine ilivunwa mbao zamani na haijawahi kupona.

Mradi una mikono miwili. Mmoja ni kurudisha miti ya asili palipochoka. Wa pili ni kuufanya msambu uwe kitu cha nyumba zinazopakana na msitu, ili mti uliosimama uwe na maana kwa aliyelala njaa jana. Mbegu za msambu zina mafuta yanayoganda yenyewe kama samli. Bibi zetu waliyapikia na kujipaka, na siku hizi kuna soko la mbegu kavu. Huhitaji kukata wala kukwea mti. Unaokota.

Kamati ya maliasili imepitisha kanuni moja tu ya kuokota, na nimeipenda kwa sababu haikutoka kwangu: chini ya kila mti yabaki matunda ambayo hayakuguswa. Mzee mmoja wa kamati aliieleza hivi: "Panyabuku anafukia mbegu halafu anasahau alikofukia. Huyo ndiye bwana misitu wa kwanza, tusimnyang'anye mshahara."

Februari, wiki ya pili

Siku nzima kitaluni. Matunda tuliyoyafunika kwa majani makavu wiki tatu zilizopita sasa yamelainika na ganda linaachia kwa kidole. Ndani kuna utelezi mwingi, na mbegu za kahawia zimejipanga ndani yake kwa safu, zimeshikana kama meno. Mikono yote inateleza, kisu kinateleza, hata benchi linateleza. Harufu ni ya uchachu, na haitoki kwenye nguo kwa kufua mara moja.

Kazi yenyewe ni kumenya. Mbegu ya msambu ikipandwa na ganda lake inaweza kukaa ardhini mwaka mzima na zaidi bila dalili yoyote, na wengi waliowahi kujaribu hapa kijijini walidhani imekufa wakamwaga viriba. Ukiondoa ganda la nje inawahi, ingawa kuwahi kwenyewe ni kwa miezi. Bibi anayesimamia kitalu ana namna yake: anaibana mbegu kati ya kidole gumba na kiganja, anapasua ganda kwa ncha ya kisu kutoka upande uliochongoka, anazungusha mara moja, na ganda linatoka vipande viwili. Mimi nilijaribu kumi, nikazikata nne. Akazichukua zilizokatwa akazitenga pembeni bila kusema kitu, na nilipomwomba radhi akaniambia, "Hizo tutakamulia mafuta, mwanangu. Hakuna cha kutupa hapa. Lakini usimenye tena, wewe andika."

Basi naandika. Mbegu zilizomenywa zimechanganywa na mchanga wenye unyevu na kuwekwa kwenye mifuko meusi, imefungwa mdomo, imepangwa juu ya kichanja ili panya wasifikie. Sehemu ndogo tumeiacha na maganda, tuone tofauti kwa macho yetu wenyewe. Kila mfuko una karatasi: mti gani, siku gani, nani alimenya.

Jambo moja limezua mjadala mrefu na nadhani litaturudia. Msambu una miti dume na miti jike. Dume hutoa maua mengi na hazai kamwe. Ukipanda kwa mbegu huna namna ya kujua umepata yupi, na unangoja miaka kumi na kitu hadi mti utoe maua ndipo ujue. Kijana mmoja aliuliza swali ambalo ningeuliza mimi kama ningekuwa na nusu eka tu: "Yaani nipande miti ishirini, ningoje mtoto wangu amalize shule, halafu nusu iwe madume?" Sikuwa na jibu la kumridhisha, na sikujaribu kulitengeneza papo hapo.

Machi, wiki ya nne

Mkutano mkuu wa kijiji. Ajenda ilikuwa mpaka wa msitu wetu, lakini kwa kweli ajenda ilikuwa iliki.

Asiyeishi huku huenda asielewe. Iliki inataka kivuli, unyevu na udongo wenye mboji nyingi, yaani inataka msitu. Mkulima haangushi miti mikubwa. Anafyeka ya chini, anapunguza matawi, anapanda. Ukitazama kwa mbali msitu bado uko palepale. Ndiyo maana iliki imesifiwa kwa muda mrefu kama zao rafiki wa msitu, na kwa miaka michache ya mwanzo sifa hiyo ina ukweli. Lakini chini hakuna miche. Kila mti mkubwa unaokufa hauna mrithi. Na udongo wenyewe huchoka. Baada ya miaka kadhaa mavuno yanashuka, mkulima anahitaji chakula, miti iliyobaki inaangushwa, yanaingia mahindi. Nimeyaona mashamba ya namna hiyo katika kila hatua yake, wakati mwingine ndani ya familia moja: baba ana iliki, mtoto ana mahindi kwenye kipande kilekile.

Watu wa hapa pia wanakumbuka Derema. Miaka ya 2000 msitu ule, unaounganisha Amani na misitu ya kaskazini yake, uliondolewa mashamba ya iliki ili uwe njia ya viumbe, na wakulima zaidi ya elfu moja walilipwa fidia ya mazao yao. Malalamiko kuhusu fidia ile yalichukua miaka. Kwa hiyo mtu yeyote akisimama mbele ya mkutano huku akitamka neno "mpaka", wazee wanasikia Derema. Nilishauriwa na mwenyekiti nisianze na ramani, nikamsikiliza, na nashukuru.

Tulianza kwa kutembea. Siku mbili kabla ya mkutano, kamati na wenye mashamba yanayopakana na msitu walipita mstari wote kwa miguu, kigingi kwa kigingi, na jipiesi ikafuata nyuma kuandika walichokubaliana. Sehemu tatu hawakuelewana. Hizo ndizo zilizoletwa mkutanoni, hizo tu, na kila moja ilizungumzwa na majirani wenyewe.

Mbili zilimalizika. Ya tatu ni ya mama mjane ambaye iliki yake imeingia ndani ya msitu wa kijiji, na amekuwa akiilima tangu mume wake yu hai. Kwa sheria ndogo tunazoziandaa, shamba lile ni kosa. Kwa macho ya kila aliyekuwepo, shamba lile ni ada ya shule ya watoto watatu. Mama mmoja alisimama nyuma akasema kwa sauti ya chini ambayo ilisikika hadi mbele: "Mkimtoa huyu leo, kesho nani atawaambia amemwona mpasua mbao?" Ikakubaliwa aendelee kuvuna iliki iliyopo hadi itakapochoka yenyewe, asipande mpya, na kila msimu wa mvua apande ndani yake miche ya asili atakayopewa na kitalu. Wengine kwenye kamati wanaona tumefungua mlango. Mimi naona kwamba asiyekubali mpaka ndiye tunayemhitaji zaidi awe upande wetu, na nimeandika hivyo kwenye kumbukumbu za mkutano kama maoni yangu.

Sheria ndogo zimepita kijijini. Sasa zinakwenda halmashauri ya wilaya kuidhinishwa.

Aprili

Mvua. Barabara ya kushuka Muheza imekatika sehemu mbili. Kitalu salama. Hakuna mbegu hata moja iliyoota.

Juni, wiki ya kwanza

Doria ya leo imenichosha kuliko mlima wenyewe.

Tulikuwa sita, wanne wa kamati, mgambo mmoja na mimi. Karibu na kijito cha juu mzee aliyetangulia akasimama, akanusa. Sikunusa kitu. Akasema, "Mtambaa." Tukafuata pua yake kama mita mia mbili tukakuta shimo la kupasulia mbao, jukwaa bado limefungwa kwa kamba za porini, unga wa mbao mbichi umefunika majani ya chini kama unga wa mahindi uliomwagika. Mtambaa ni jamaa ya kungumanga. Ukikatwa hutoa utomvu mwekundu. Kisiki kilikuwa bado kinachuruzika. Mmoja wetu alipokigusa kidole chake kikabaki chekundu, akakifuta kwenye suruali na kukitazama tena, na hakuna aliyesema neno kwa muda.

Mbao nyingi zilikuwa zimeshaondolewa. Zilizobaki tulizihesabu, tukapiga picha na kuandika urefu wa kisiki na upana wake. Kwenye matope kulikuwa na alama za kandambili na, chini zaidi penye njia, za tairi la pikipiki.

Ilichukua siku mbili kumpata kijana, na alipopatikana ilibainika kuwa ni mtoto wa dada wa mjumbe wa kamati. Mjumbe huyo alisimama kabla hajaulizwa, akasema yeye ni mjomba wake, akaomba atoke nje shauri lisikilizwe bila yeye. Nimefanya kazi hii miaka kadhaa na sijaona jambo lililojenga imani ya kamati kuliko mgongo wa yule mzee akitoka mlangoni.

Kijana alieleza bila kuzunguka. Alifuatwa na mtu kutoka mjini, akaahidiwa malipo kwa kila ubao, akapewa kianzio, na salio halikuja. Amelipa faini iliyomo kwenye sheria ndogo kwa awamu, na kwa ombi lake mwenyewe sehemu ya adhabu anaitumikia kitaluni, kujaza viriba. Bibi wa kitalu anamwita "fundi" na hamsemi kwa lililopita.

Lakini niseme kinachoniumiza. Aliyefika na pikipiki hakupatikana, na aliyenunua mbao hata hatumjui. Mti ulioota kabla babu wa babu yake kijana hajazaliwa umeondoka, na katika mnyororo wote ule aliyelipa ni yule ambaye hakulipwa. Doria ya kijiji inaweza kulinda mlima. Haiwezi kulinda barabara. Tumeandika taarifa na kuipeleka kwa wahusika wa wilaya, tukaomba ukaguzi wa mbao zinazopita usiku. Nitafuatilia kila mwezi na nitaandika majibu hapahapa, hata kama jibu ni kimya.

Julai

Jibu: kimya.

Agosti, wiki ya tatu

Tumeanza kazi kwenye mhesi.

Mhesi, ambao wataalamu huuita Maesopsis eminii, si mti wa hapa. Uliletwa Amani mwanzoni mwa karne iliyopita na ulipendwa kwa kukua haraka. Ulibaki mpole hadi msitu ulipofunguliwa kwa uvunaji mkubwa wa mashine, hasa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980. Kila pengo lililoachwa na gogo lilipata jua, na mhesi ndio uliokuwa tayari. Hondohondo wanakula matunda yake na kuzipeleka mbegu mbali. Huwezi kumlaumu hondohondo. Ndiye huyohuyo anayetawanya mbegu za miti yetu ya asili.

Kuna wanaotaka tuukate wote kwa mkupuo. Ninawaelewa, na vijana walikuwa wameshanoa mapanga. Nimepinga. Ukikata mhesi mkubwa unafungua pengo, na ndani ya pengo, kwa mbegu zilizojaa ardhini, atakayeota ni nani kama si mhesi? Tunachofanya ni hiki: tunaacha iliyokomaa isimame iwe kivuli, tunang'oa michanga kwa mkono ardhi ikiwa na unyevu ili mzizi utoke wote, na chini yake tunapanda inayostahimili kivuli: mtambaa, msambu, na miche ya mnyasa tunayoiokota chini ya mama zake. Mikubwa tutaikausha kwa kubandua gome pete nzima, michache kila mwaka, inayozungukwa na miche iliyoshika. Mti ukifia umesimama, jua linaingia kidogo kidogo.

Kazi ya polepole, na haipendezi kwenye picha. Mgeni akija hataona tofauti kati ya mwezi jana na leo. Ila yule kijana wa viriba alipiga magoti leo kuonyesha mche wa mtambaa uliojitokeza wenyewe, majani mawili, chini ya mhesi. Hakuna aliyeupanda. Akauwekea vijiti vitatu pembeni ili usikanyagwe.

Septemba, wiki ya pili

Tumeshuka Tanga, watu kumi na wawili, kuona maji yetu yanakokwenda.

Wazo lilitoka kwa akina mama. Kila mkutano mimi na wenzangu tumekuwa tukisema Zigi inanywesha jiji la Tanga, na mmoja akauliza kama kuna kati yetu aliyeliona hilo bwawa. Hakuna, hata mimi. Basi tukapanda gari, tukafika Mabayani. Mzee aliyenusa mtambaa alisimama ukingoni kwa muda mrefu, mkono umekaza kofia. Mwishowe akasema, "Kumbe yanalala huku."

Mtumishi aliyetupokea alieleza vizuri sana, na jambo lililowagusa wenzangu ni tope. Mvua kubwa ikinyesha milimani na mashamba yakiwa wazi kandokando ya vijito, maji hufika rangi ya chai ya maziwa, na kuyasafisha kunahitaji dawa na fedha zaidi. Tope nalo hujilaza bwawani na kula nafasi ya maji. Mama mmoja anayelima kandokando ya kijito alisikiliza, kisha akauliza: tope lile la mwaka wa dhahabu nalo lilifika hapa? Alikuwa anasema ule mwaka wa 2003 kuelekea 2004, watu walipofurika Sakale na vijito vya jirani kuchekecha dhahabu hadi kingo zikabomoka. Tulikumbuka sote. Mtu wa mlimani aliona mashimo. Kwa mara ya kwanza alikuwa anafikiria upande wa pili wa bomba.

Nilitoa hoja yangu pale, na naiandika hapa kwa sababu nitaendelea kuitoa. Mwaka 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani, yaani hati za mkopo wa kugharimia mradi wa mazingira, ya shilingi bilioni 53.12, na wananchi na taasisi wakainunua yote. Ni jambo kubwa, na ninalifurahia kwa dhati. Linaonyesha kuwa watu wako tayari kuweka fedha zao kwenye maji safi. Ninachoomba ni kwamba chanzo cha maji kihesabiwe kuwa sehemu ya miundombinu, kama bomba na pampu zinavyohesabiwa. Mama anayeacha mita za kingo bila kulima ili tope lisishuke anafanya kazi ya chujio. Chujio linanunuliwa. Yeye anaambiwa asante.

Njiani kurudi, gari lilikuwa na kelele za mipango. Akina mama wanne wanaopakana na kijito wamekubaliana kupanda matete na migomba kwenye kingo na kurudisha mahindi nyuma. Hakuna aliyewaambia. Nimeahidi mbegu na usafiri wa vipando, na hilo nitalitimiza kabla vuli haijaanza.

Novemba

Nimepita kwa mzee mwenye banda la vipepeo. Nyavu zimechanika, ndani kumeota magugu, ila nguzo ni imara. Ufugaji wa vipepeo ulianza Amani mwaka 2003: familia zilikuwa zinapanda miti ya kulisha viwavi, zinakusanya mabuu yakishajifunga, na yanasafirishwa haraka kwenda kwenye maonyesho ya Ulaya na Marekani kabla hayajatoka mabawa. Wengi waliofuga walikuwa wanawake. Kwa mara ya kwanza kulikuwa na fedha kutokana na msitu bila panga. Mwaka 2016 usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi ulisitishwa nchi nzima, vipepeo wakiwemo, na mapato yakakatika.

Mzee hakulalamika. Alinionyesha miti ya viwavi aliyoipanda uani, mingine sasa inafunika paa, akasema hakuikata kwa sababu alishazoea kuona vipepeo asubuhi. Lakini aliniuliza swali moja kwa utaratibu sana: "Huo msambu wako, mnunuzi akiacha kuja, mmepanga nini?"

Nilirudi nyumbani nikaandika upya sehemu ya bajeti. Kikundi cha akina mama kitanunuliwa kikamulio kidogo cha mkono, ili mbegu zisizonunuliwa ziwe mafuta na sabuni za kuuza hapahapa na Muheza. Mizinga ya nyuki iliyokuwa imepangwa mwaka wa tatu imesogezwa mbele. Pilipili manga itapandwa ipande juu ya miti iliyopo, mashambani, nje ya msitu. Tusisimame kwa mguu mmoja.

Februari, mwaka wa pili

Jibu la yule kijana na miti yake ishirini limepatikana, na limepanda gari kutoka bondeni.

Muheza ni nchi ya machungwa, na kila mtu huku anamjua mtu anayebebesha michungwa kwenye miche ya milimao. Tukamwalika fundi mmoja wa machungwa. Hajawahi kugusa msambu maishani. Akachukua kikonyo, yaani kitawi cha kubebesha, kutoka mti jike unaojulikana kijiji kizima kwa kuzaa, akakitazama, akakinusa, akauliza utomvu wake ni wa aina gani. Alipoona ni wa manjano na unanata akafuta kisu kwa kitambaa kila baada ya mkato, kitu ambacho kwenye michungwa hafanyi. Alichonga kikonyo kama ulimi, akapasua mche wa msambu tuliouokota msituni mwaka jana, akakiingiza, akapatanisha gome na gome upande mmoja, akafunga kwa utepe wa nailoni, akafunika kwa mfuko mwembamba.

Faida ni mbili. Kikonyo kutoka mti jike huwa jike, hakuna bahati nasibu tena. Na mche uliobebeshwa huzaa mapema kuliko wa mbegu. Madume tutayahitaji pia, machache, ili majike yashike mimba. Fundi alicheka aliposikia, akasema machungwa hayana usumbufu huo.

Bibi wa kitalu alitazama mikono yake muda wote. Fundi alipopumzika kunywa maji, alichukua kisu na kikonyo bila kuomba ruhusa, akafanya wake. Fundi akaukagua, akaufunga tena kwa kukaza zaidi, akamrudishia. Akamwambia, "Shikamoo, Bibi. Huu utashika."

Tulibebesha thelathini. Hadi leo, wiki tatu baadaye, kumi na tisa bado ni kijani. Ule wa Bibi ni mmojawapo.

Julai, mwaka wa pili

Halmashauri imeidhinisha sheria ndogo. Mipaka imefyekwa, vigingi vimepakwa rangi. Kuhusu ukaguzi wa mbao barabarani, tumejibiwa mara moja, kwa barua, kwamba suala linafanyiwa kazi. Nimelibandika jibu kwenye ubao wa kijiji.

Mama mjane amepanda miche arobaini ndani ya iliki yake. Nimeihesabu pamoja naye. Mitatu imeliwa na mbuzi, na ameomba mbadala.

Na kitaluni: jana jioni nilikuwa nafunga daftari niliposikia naitwa. Bibi alikuwa amefungua mfuko mweusi, wa tatu kutoka kushoto, mbegu za mwaka jana za mti wa kijito cha juu, zilizomenywa naye. Amekuwa akiufungua kila mwezi na kuufunga. Safari hii aliingiza vidole kwenye mchanga, akatoa mbegu moja, akaiweka kiganjani mwangu. Mzizi mweupe urefu wa ukucha, na upande mmoja ncha nyembamba kama njiti ya kiberiti, imepinda, imeanza kunyooka.

Ndani ya mfuko ule tulikuta nane. Mfuko wa mbegu zenye maganda: hakuna hata moja, na tumeufunga tena kwa sababu hatuna haki ya kusema zimekufa. Leo asubuhi "fundi" wa viriba amejaza udongo, Bibi amehamisha yote nane kwa mkono wake, nami nimeandika karatasi nane: mti wa kijito cha juu, alimenya Bibi, jinsia haijulikani. Kesho tunafungua mifuko ya mti wa pili.